Gundi ya Fahali wa Karen

Haya ni ya kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na likipatikana moja la uongo, chai ya benchi zima iwe juu ya msemaji.

Hivyo ndivyo Ndungu alivyoanza kila hadithi yake kwa miaka kumi na mmoja, tangu alipostaafu ufundi wa lifti na kujipatia mahali pa kudumu kwenye benchi la Debra, muuza chai wa Uthiru, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Sheria ya benchi ilikuwa ya zamani kuliko benchi lenyewe, ambalo limebadilishwa miguu mara tatu: hadithi ruhusa, chumvi ruhusa, lakini ukiapa halafu ukanaswa na shahidi aliye hai, unawanunulia wote waliopo. Ndungu hakuwahi kununua hata siku moja. Mashahidi wake wote walikuwa wamekufa au wamehamia Kanada.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya gundi. Mwaka wa sabini na nane, alisema, kampuni ilimtuma Karen, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba ya orofa mbili iliyowekewa lifti kwa ajili ya mbwa, maana mbwa alikuwa amenenepa akashindwa na ngazi. Mwenye nyumba alikuwa Mwitaliano mzee, mtengenezaji wa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma ambacho wazee wa huku hupigia ngoma ya mwomboko. Lifti ilipopona, Mwitaliano hakumpa bakshishi, alimpa siri. Mvukuto wa kodiani, yaani ile sehemu ya katikati inayokunjuka na kukunjwa, haubandikwi kwa gundi ya dukani. Unatafuta fahali mweusi, unachukua ngozi ya shingo peke yake, unaichemsha siku tatu ukikoroga upande mmoja tu. Ndungu aliijaribu, alisema, na siku ya pili simba alitoka mbugani akifuata harufu, akatumbukiza kichwa ndani ya sufuria, ndevu zikanasa, akaondoka nayo. Mpaka leo kuna simba kule anayesikika kabla hajaonekana, kwa ile kelele ya sufuria kwenye mawe.

Watu walicheka kila mara. Were, mwalimu mstaafu aliyekaa mwisho wa benchi na ambaye hucheka kwa kukohoa, aliwahi kuuliza Mwitaliano huyo anaitwa nani. Ndungu alimjibu kwa masikitiko kwamba marehemu hakupenda jina lake litajwe.

Lakini mwaka huo Ndungu alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi, kazi aliiacha. Ulikuwa ule ambao mtu analala nao na kuamka nao, kama shati. Waithera mkewe alikuwa na miaka minne kaburini. Mungai, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa anakaribia kutimiza mwaka. Ivyne, bintiye, alipiga simu Jumapili tu. Hadithi nazo zilikuja kama maji ya bomba ya Uthiru, leo yapo, kesho unafungua unasikia upepo.

Jumatatu moja asubuhi, Wangu, mjane wa Mungai, alifika kwa Debra akivuta begi la magurudumu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anatembea akigusa ukuta wa duka la dawa. Ndungu aliinuka kumpa nafasi. Wangu hakuketi. Alifungua zipu ya begi, na ndani ilikuwa kodiani ya Mungai.

Ndungu aliijua kabla haijatoka. Mvukuto ulikuwa umevimba. Kadibodi yake, ambayo hukunjwa mikunjo myembamba kama ya feni ya karatasi, ilikuwa imefura na kujipinda, na kitambaa cha juu kimeachana nayo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Kwenye mkunjo wa tatu kilikuwepo bado kile kiraka cha kitambaa cha kijani, mahali Mungai alipodondosha sigara mwaka fulani wa furaha. Wangu mwenyewe ndiye aliyekishona pembeni kwa uzi kabla ya kukibandika. Alipokuwa akisimulia yaliyotokea, kidole chake kilikaa hapo juu ya kiraka.

Jumamosi iliyokuwa ikija ilikuwa na ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Wangu alimwomba mwanawe, Ken, apige ule wimbo wa babake wa kuwakaribisha watu. Ken, anayefanya kazi katika duka la vifaa vya bustani huko Karen, alikuwa hajaigusa kodiani tangu mazishi. Alipoijaribu, ilikuwa inavuja pembe nne, inapumua kama mgonjwa wa pumu. Hakutaka kumsumbua Mzee Ndungu, akiona mikono yake siku hizi inatetemeka. Akaifungua mwenyewe. Ndani, kwenye ubao, akakuta karatasi iliyoandikwa kwa penseli: *Mvukuto umebandikwa kwa gundi ya ng'ombe. Ndungu, Agosti 2005.*

Ken ni kijana wa kusoma mambo kabla ya kuyafanya. Akasoma kwenye simu, akapata kwamba gundi ya ng'ombe hulegea kwa maji ya moto na mvuke, bila kuumiza kitu. Jumapili alasiri nzima akaiweka kodiani juu ya sufuria ya maji yanayochemka, akingoja pembe ziachie ili azibandike upya. Pembe hazikuachia. Kadibodi ndiyo iliyokunywa.

"Alifuata vile uliandika," Wangu alisema, bila lawama yoyote, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. "Sijui alikosea wapi. Tangu jana hali chakula, Baba Ivyne. Anasema amemuua babake mara ya pili."

Ndungu aliitazama chai yake mpaka ikaweka ngozi juu.

"Mwambie ale," alisema mwishowe. "Kitu ya Mungai itaongea Jumamosi."

Akalichukua begi, akaondoka nalo polepole, na safari hiyo hakuapa.

Nyumbani aliiweka kodiani mezani na kukaa mbele yake kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Agosti 2005 aliikumbuka vizuri mno. Alikuwa amemwambia Mungai ampe wiki nzima, kwa sababu fahali hapatikani haraka. Wiki yenyewe aliimaliza akilala. Siku ya mwisho alikwenda kwa fundi viatu wa stendi ya Uthiru, akatoka na mkebe wa gundi ya njano, ile inayonuka mpaka kichwa kinazunguka, akabandika pembe zote kwa dakika arobaini. Ile karatasi ndiyo ilikuwa pambo lake la mwisho. Alikuwa ameuona mtindo huo kwa Harbans Singh, fundi wa vinanda wa mjini, ambaye kila anachokifunga hukiachia karatasi ndani. Ndungu aliona inapendeza. Mungai aliisoma, akacheka, akasema kumbe fahali alipatikana. Akapiga kodiani ile miaka kumi na minane bila shida, na uongo ukawa haujamkosesha mtu usingizi.

Jumanne alilivuta begi hadi mjini. Warsha ya Harbans ilikuwa orofa ya nne ya jengo moja karibu na River Road, juu ya maduka ya vitambaa na simu. Lifti ya jengo hilo Ndungu aliihudumia yeye mwenyewe zaidi ya miaka kumi. Sasa mlango wake ulikuwa umefungwa kwa waya, na kupitia kijidirisha aliona wameifanya stoo ya ndoo na mifagio. Akapanda ngazi. Orofa ya pili alipumzika akijifanya anasoma tangazo. Orofa ya tatu hakukuwa na tangazo, akapumzika tu.

Harbans alikuwa na miaka sabini na sita, ndevu nyeupe zimetiwa madoa ya rangi ya mbao, miwani imefungwa kwa uzi. Alizoea kutengeneza harmoniamu za gurdwara, hekalu la Masingasinga, na za harusi, vile vinanda vya sandukuni vyenye mvukuto nyuma, vinavyopigwa mkono mmoja ukisukuma. Wateja walikuwa wamepungua. Taranjit, bintiye, alikuwa akimwomba afunge warsha tangu mwaka juzi, naye alimjibu kila mara kwamba amalize kwanza hizi tatu. Hizo tatu zilikuwa hazipungui. Juu ya jiko dogo la umeme kulikuwa na kikombe cha bati kimekaa ndani ya sufuria ya maji, na humo gundi ya kahawia ikipata joto.

Hawakupoteza muda kwa salamu. Harbans aliutazama mvukuto, akaugeuza, akapumua kwa pua.

"Hii iko na gundi gani?"

"Ya ng'ombe," alisema Ndungu. Mdomo ulitangulia, kama kawaida yake.

Harbans alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakiweka juu ya pembe moja ya ngozi, akaketi. Wazee hao wawili walikaa hivyo dakika tano nzima, wakisikiliza honi za chini na mtu aliyekuwa akitangaza bei za mashuka kwa kipaza sauti. Kitambaa kilipotolewa, pembe ilikuwa imelowa, na imeshika vilevile. Harbans akachukua pamba, akaitia matone mawili ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, akaipitisha ukingoni. Gundi ikainuka yenyewe, ikavutika nyuzi nyuzi za njano. Akaisogeza puani.

"Ndungu. Hii ng'ombe yako ilikuwa inavaa viatu?"

Ndungu alicheka. Alicheka peke yake, kwa hiyo akaacha. Harbans alikuwa ameshaondoa misumari midogo ya upande mmoja, ameiona karatasi kwenye ubao, na sasa aliisoma akiwa ameisogeza karibu na dirisha. Kisha akaiweka mezani taratibu.

"Mimi naandika hii karatasi miaka hamsini," alisema. "Si ya mwenye kinanda. Mwenye kinanda hafungui. Ni ya fundi mwingine, yule sitawahi kumwona. Nitakuwa nimekufa, yeye atafungua, ataniuliza uliweka nini hapa. Nami namjibu. Wewe umemjibu uongo."

"Ilikuwa mchezo tu, bwana."

"Mchezo ni huko kwa benchi yenu. Huku ndani kuna mtu amekuamini."

Ndungu alieleza ya Ken kwa maneno machache, na ya sufuria, na kwamba kijana hali chakula. Aliyaeleza bila kuongeza chochote, na akashangaa jinsi habari inavyokuwa fupi ikiachwa hivyo. Kisha akauliza, kama fundi kwa fundi, gundi gani sasa.

Harbans alimpa somo lote kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulitoa mara nyingi kwa watu wasiosikia. Supaglu inashika mara moja na inakauka ngumu kama kioo. Mvukuto unakunjwa mara elfu kwa siku moja ya harusi, kwa hiyo kioo kitavunjika. Gundi nyeupe ya seremala ni nzuri kwa kitambaa na kadibodi, lakini ikishakauka haina kurudi, na fundi atakayekuja baadaye atalazimika kukata, naye atakutukana. Solusheni ya kubandika pancha inanyumbuka vizuri miaka michache, halafu inakuwa unga. Ya viatu inashika, hilo hakatai, ila haisamehi: ukiweka pembe vibaya hata kwa unene wa kucha, imebaki hivyo. Gundi ya ng'ombe ndiyo mama yao. Inashika ngozi kama ndugu yake, na siku ukitaka kuifungua unaiomba kwa maji ya moto, inaachia. Ubaya wake ni wa namna mbili. Ikiachwa peke yake inapasuka mahali pa kukunjwa, kwa hiyo mtu hutia gliserini kidogo iwe laini. Na mende wanaipenda.

"Lakini hapa," alimaliza akiubonyeza mvukuto, nao ukabaki na alama ya kidole, "hapa hakuna gundi. Hii si kadibodi tena, ni mkate. Kukunja mpya ni wiki tatu, kwa mikono hii labda tano. Jumamosi imebaki siku nne. Pata mvukuto mwingine wa saizi hii, mikunjo kumi na sita."

Ndungu alisema hamjui mtu mwenye kodiani kama hiyo.

Harbans alimtazama juu ya miwani. Yeye ndiye aliyezifungua zote mbili zilipokuwa mpya, mwaka wa themanini na nne, Ndungu na Mungai, wakiwa vijana, walipomletea azirekebishe sauti: kodiani mapacha, zimenunuliwa siku moja, duka moja la mtaa wa Biashara, zimefuatana hata nambari. Hakulitaja hilo. Alifungua kopo, akamimina kwenye gazeti kiganja kimoja cha punje za gundi, za rangi ya kaharabu, akazifunga vizuri.

"Ukiupata mvukuto," alisema.

Pacha ilikuwa juu ya kabati ya chumba cha kulala, Uthiru, imefunikwa leso ya Waithera. Tangu Waithera afe, Ndungu aliiteremsha kila jioni, akaupiga wimbo mmoja tu, vibaya, mpaka katikati mahali anapousahau. Jirani walishazoea kuusikia ukikatika hapo. Halikuwa jambo kubwa. Ilikuwa tu sababu ya jioni kuwa tofauti na alasiri.

Jumanne hiyo hiyo hakuiteremsha. Aliloweka punje za gundi kwenye maji baridi, kama alivyoelekezwa, akijiambia kwamba kuloweka si kuamua.

Asubuhi ya Jumatano aliziweka kodiani mbili mezani, moja nzima na moja mbovu, na akazizunguka kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Alifikiri kumpelekea Wangu ile nzima na kusema ndiyo hiyo. Isingewezekana, vibonyezo vya Mungai vilikuwa vimelika kwa vidole vyake, na jina lake limechongwa pembeni. Alifikiri kusema kadibodi ilikuwa mbovu tangu zamani, lakini Ken angejua ni mvuke wake ulioimaliza, akalala na hilo maisha yake yote. Hapo ndipo alipokwama. Neno lililomkera halikuwa kuua, lilikuwa kula. Alimwona mtu mzima wa miaka thelathini na minane amekaa mbele ya sahani, na sahani inapoa kwa sababu ya karatasi aliyoiandika mzee mmoja ili apendeze.

Akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya kodiani yake mwenyewe.

Mvukuto wake ulikuwa mzima, isipokuwa pembe mbili za ngozi zilizoanza kuinuka, ambazo alikuwa ameahidi kuzirekebisha tangu enzi za Waithera. Alifungua droo. Humo kulikuwa na tyubu ya supaglu iliyojibandika yenyewe, chupa ya gundi nyeupe, na nyuma kabisa, mkebe wa njano. Alipoufungua bado ulikuwa na unyevu. Dakika kumi, na ingeshika miaka ishirini. Miaka ishirini ijayo angekuwa mahali ambapo hakuna anayeulizwa. Alikaa na mkebe mkononi mpaka kichwa kikamuuma kwa harufu, kisha akaufunga na kwenda jikoni.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Ndungu akapika gundi ya ng'ombe. Punje zilikuwa zimevimba kwa maji zikawa kama maini. Aliziweka kwenye kikombe cha bati, kikombe ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo, isichemke. Gliserini aliitoa kwenye meza ya kioo ya Waithera, chupa aliyoiacha nusu, ambayo mkewe alijipaka miguuni siku za baridi ya Julai. Alitia matone manne. Harufu ilikuwa ya kwato na mvua. Alikoroga upande mmoja kwanza, kwa mazoea, halafu akajisikia mjinga, akakoroga huku na huku.

Hakuna simba aliyekuja. Alikuja paka wa jirani, akasimama mlangoni, akanusa, akaondoka.

Kila pembe aliipaka kwa brashi nyembamba na kuishikilia kwa gumba mpaka ikashika. Mgongo ulimuuma, akaendelea. Ilipofika Alhamisi mchana mvukuto ulikuwa umekauka, unavutika laini, na pembe hazilii. Aliufunga kwenye kodiani ya Mungai, upande mmoja, kisha akatoa penseli. Aliandika kwa herufi kubwa ili mkono usitetemeke: *Mvukuto huu ni wa Ndungu. Gundi ya ng'ombe, ya kweli safari hii, na gliserini. Ile ya 2005 ilikuwa gundi ya viatu. Ken hakukosea.* Akaibandika kwenye ubao, mahali pa ile ya zamani.

Kisha akafunga upande wa pili, akapigilia misumari yote, na tabasamu likamjia bila kuitwa. Alikuwa amesema kweli yote, kwa maandishi, na hakuna atakayeisoma kwa miaka ishirini. Alipofurahia hilo ndipo alipojua bado yu hai.

Ijumaa alasiri benchi lilikuwa limejaa. Wangu alikuwepo, na Ken pembeni yake, amevaa bado kitambulisho cha kazi shingoni, mashavu yameingia ndani. Debra alikuwa amemwekea mandazi mbele. Hakuwa ameyagusa. Ndungu aliiweka kodiani juu ya meza, akaketi, na watu wakasogea.

Hakukusudia. Alikuwa amepanga kusema iko tayari na kunyamaza. Lakini nyuso zote zilikuwa zimemgeukia, na mdomo ukatangulia. Haya ni ya kweli tupu, alianza, na likipatikana la uongo chai iwe juu yangu. Akaeleza jinsi alivyokumbuka siri ya pili ya Mwitaliano, ya kukausha mvukuto uliolowa: unaufunga kwenye majani ya ndizi, unaulaza juu ya paa wakati wa jua la saa tano, unaugeuza kila baada ya kuhesabu mia, na kadibodi inarudi kama ilivyozaliwa. Yule yule mvukuto, alisema. Were alikohoa kwa kicheko. Ken hakucheka. Aliisogeza kodiani mbali kidogo kwa vidole viwili.

"Piga wewe kesho, mzee," alisema. "Mimi nikiishika nitaiharibu tena."

Ndungu akafunga mdomo.

Wakati huo Wangu alikuwa ameuweka mkono juu ya mvukuto. Hakuwa anautazama, macho yake hayakuwa ya kutazama tena. Kidole kilihesabu mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikapita juu ya wa tatu kwenda na kurudi.

"Baba Ivyne," alisema. "Kiraka changu kiko wapi?"

Ndungu alikuwa na majibu. Yalikuja matatu kwa mpigo, na moja lilikuwa zuri sana, la gundi yenye nguvu mpaka ikameza kitambaa. Alilifungulia mdomo. Akamwona Ken na yale mandazi, na akahisi jibu hilo ni zito, zito kama begi lile kwenye ngazi za River Road, na hakuwa na mikono ya kulibeba.

"Kiko kwangu, Mama Ken," alisema. "Juu ya kabati. Pamoja na mvukuto wa Mungai wenyewe. Huo hapo ni wangu."

Halafu akamgeukia Ken, na hilo akalisema taratibu, wote wakisikia.

"Ile karatasi ilikuwa ya uongo. Niliweka gundi ya fundi viatu, nikaandika ya ng'ombe nipate sifa. Wewe ulisoma ukafuata. Ungefuata hivyo kwa mtu mkweli, ingefunguka vizuri. Aliyeiharibu ni mimi, mwaka wa elfu mbili na tano. Imechukua muda tu kuonekana."

Ken alimtazama. Hasira ilipita usoni mwake, ikakaa kidogo, ikaenda. Kilichobaki kilikuwa uchovu uliofanana sana na wa Ndungu.

"Na sasa umeandika nini huko ndani?"

"Fungua usome."

"Siwezi kufungua, kesho ni kesho. Sema."

Ndungu akaisema karatasi yote kwa kichwa, pamoja na gliserini. Alipofika mwisho, pale pa jina la Ken, sauti yake haikuwa ya benchi. Wangu alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kikiwa bado kwenye mkunjo wa tatu, kana kwamba anauzoea.

"Na wewe jioni utakuwa unapiga nini?" alimuuliza.

"Nitakuwa nalala mapema," alisema Ndungu. "Jirani watafurahi."

Ken aliivuta kodiani kwake, akaingiza mikono kwenye mikanda. Alivuta mara moja bila kubonyeza kitu, akisikiliza kama kuna mahali inavuja. Haikuvuja. Akapiga mwanzo wa wimbo wa babake, noti mbili tatu tu, akaacha, akaikalisha pajani. Kisha mkono wake ukaenda kwenye sahani, ukachukua andazi, akaliuma.

Debra alikuwa amesimama na birika, akingoja wakati wa adabu upite. Sasa alisema kwamba anavyofahamu yeye, mtu ameapa, na shahidi yuko hai, ameketi pale, na amethibitisha kwa kidole chake mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Vikombe vilikuwa tisa. Ndungu aliingiza mkono mfukoni, akalipa chai ya watu tisa na mandazi ya Ken, ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, na Debra akamhudumia yeye wa mwisho, kama inavyostahili.

Alipokwisha kunywa nusu, Were aliuliza kutoka mwisho wa benchi, kwa upole wa mwalimu anayempa mtoto nafasi, basi na yule simba je.

Ndungu alifikiri. Alikuwa amechoka kweli kweli, na chai ilikuwa tamu.

"Simba ni kweli," alisema. "Naapa."

Wangu, bila kuinua kichwa, akasema Mungai alimwambia kitambo kwamba Ndungu hakuwahi kukanyaga Karen kabla ya mwaka wa tisini.

Debra akaweka birika la pili motoni, na Ndungu akaingiza tena mkono mfukoni.